Fundi wangu alikufa na kansa ya kibofu, na hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani

MpigaRangi_Ndeeba (mwanzisha uzi)

Salamu wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu nimeubeba kifuani tangu mwezi wa pili tulipomzika.

Mimi ni fundi wa kupuliza rangi za magari hapa Kampala. Nilianza mwaka 2003 nikiwa na miaka kumi na saba, chini ya fundi mmoja pale Ndeeba ambaye humu nitamwita Mzee tu. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kwake. Yeye alikulia kambi ya jeshi huko Jinja, na wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori ya Mombasa, kwa hiyo karakana nzima ilikuwa inaongea Kiswahili. Alikuwa na mkono mwepesi. Mlango aliopaka yeye ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Alianza kukojoa damu. Haikumuuma, kwa hiyo alinyamaza miezi kadhaa. Zahanati ya kwanza ikampa dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Ya pili ikampa dawa ileile kwa jina jingine. Ya tatu ikasema ni tezi dume. Mwaka na nusu ukaisha hivyo. Alipofika hospitali kubwa, uvimbe ulikuwa umeshapenya ukuta wa kibofu.

Nilimsindikiza mara nne. Waliuliza umri, wilaya, dini, ndugu wa karibu. Waliuliza kama anavuta sigara (hakuvuta maisha yake yote) na kama anakunywa (chupa mbili Jumapili). Kwenye faili kuna mstari wa Kazi. Niliuona kwa macho yangu. Uliandikwa "amejiajiri". Basi. Miaka thelathini na nane ya thina, andakoti (rangi ya kwanza ya chini), msasa na pati, yote imefunikwa na neno hilo moja.

Baada ya mazishi nikaanza kusoma. Kuna shirika la utafiti wa saratani, IARC, liko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani. Wao hukusanya wataalamu, wanapitia ushahidi wote uliopo juu ya kitu fulani, kisha wanakipanga kwenye kundi. Kundi la 1 ni vile ambavyo imethibitika vinaleta kansa kwa binadamu. Vimeshapita 120. Nilidhani nitakuta sumu za maabara zenye majina yasiyotamkika. Nikakuta karakana yetu! Benzini, ambayo imo ndani ya petroli tunayonawia mikono kila jioni. Kromiamu ya aina ya sita, ile iliyokuwa inatia unjano kwenye andakoti za kuzuia kutu. Moshi wa dizeli. Vumbi la mbao. Moshi wa kuchomelea. Na kazi ya kupaka rangi yenyewe, kama kazi, imo: kansa ya mapafu na kansa ya kibofu.

Siwezi kusimama hapa niseme rangi ndiyo iliyomuua Mzee. Kwa mtu mmoja mmoja hakuna anayeweza kuapa hivyo. Lakini hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna atakayejua kamwe. Kesho fundi mwingine wa Ndeeba ataingia wodi ileile, naye ataandikwa "amejiajiri", na hesabu itabaki sifuri.

Ombi langu ni moja. Kila anayesoma aandike hapa kazi yake, kitu alichovuta au kushika, na miaka mingapi.

Welda_wa_Katwe

Pole sana mkuu. Mungu amrehemu Mzee.

Mimi ni Katwe, mageti na madirisha, mwaka wa kumi na nne sasa. Miaka kumi ya kwanza kinga yangu ilikuwa miwani ya jua ya kununua barabarani. Tukichomelea mabati yenye zinki, usiku unatetemeka kama mtu wa malaria, asubuhi umepona, unarudi kazini. Tunaiita homa ya mabati. Bosi wetu si mtu mbaya, kila jioni anatununulia maziwa nusu lita kila mmoja yasafishe kifua.

Swali langu kwa wanaojua: maziwa yanasaidia kweli?

Nesi_Mbale

Welda, nikujibu moja kwa moja: hapana. Chakula na hewa vinaachana njia hapo kooni. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, na hakuna mlango wa kuvikutanisha. Mkiamini maziwa yamesafisha, mnarudi kesho kwenye moshi uleule kwa moyo mweupe, na hapo ndipo hatari ilipo. Fedha ya maziwa ya mwezi mmoja, mkichanga, ingeanza kununua feni ya kusukuma moshi mbali na uso.

Homa ya mabati yenyewe hupita. Kinachobaki ni kile usichokisikia. Mwaka 2017 wale wataalamu wa Lyon waliupandisha moshi wa kuchomelea hadi Kundi la 1 kwa sababu ya kansa ya mapafu. Na mwanga wa kuchomelea wenyewe wanauhusisha na kansa ya jicho. Miwani ya jua haikuzuii. Tafuta ngao ya uso ya kuchomelea yenye kioo chake.

Sasa kwa mwanzisha uzi. Umeuliza jambo ambalo linanisuta. Ngoja nieleze kwanza kwa nini kibofu. Kemikali unayoivuta au inayopenya ngozini inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, inatupwa kwenye mkojo. Mkojo unakaa kibofuni masaa. Fundi anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha, mkojo wake ni mzito na unakaa zaidi. Utando wa kibofu unaogeshwa na kemikali ileile kila siku, miaka ishirini, thelathini.

Na haya si mambo mapya. Mwaka 1895, daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ujerumani, jina lake Ludwig Rehn, alitoa taarifa ya kansa ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo. Hakuwa na mashine ya kupima chembechembe. Aliona wagonjwa wake wanatoka mahali pamoja pa kazi. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwaka 1775, Percivall Pott wa London alifanya vivyo hivyo kwa wasafisha mabomba ya moshi waliokuwa wakipata kansa ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Elimu yote hii ya kansa za kazini ilianza na daktari aliyeuliza: unafanya kazi gani?

Mimi kwa zamu moja napokea watu themanini. Nakiri mbele yenu kwamba mstari wa Kazi naujaza kwa neno moja pia. "Mkulima." "Biashara." "Dereva." Sijawahi kuuliza mkulima anapuliza dawa gani.

Jingine ambalo watu hawalijui ni muda. Kansa ya damu inayoletwa na benzini inaweza kutokea ndani ya miaka michache. Za kibofu na mapafu huchukua miaka ishirini na kuendelea. Ile ya utando wa mapafu inayoletwa na asbestosi, yale madini ya nyuzinyuzi, huchukua hata arobaini. Mtu ameshaacha kazi, amehamia kijijini, karakana imebomolewa imekuwa jumba la ghorofa. Nani ataunganisha?

MkaaNakasongola

Mnatutisha bure. Baba yangu alichoma mkaa Nakasongola tangu ujana wake na amefariki na miaka 84, kwa uzee. Moshi alioula yule mzee hauhesabiki. Na nyie mnaosema ngao, feni, mmewahi kumwomba tajiri hata barakoa tu? Atakwambia pale nje kuna vijana watano wanaitaka hiyo kazi bila barakoa. Tule nini?

MpigaRangi_Ndeeba

Ndugu, shikamoo kwa baba yako alipolala. Kwa hoja ya kwanza: wavuvi wangapi wanavuka hili ziwa letu bila jaketi na wanarudi nyumbani salama? Wengi mno. Hatusemi kwa hiyo ziwa halizamishi mtu.

Hoja yako ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, na siipingi. Mimi sasa nina vijana wanne chini yangu. Barakoa ya kweli ya kupulizia rangi, ile yenye vichujio viwili vya mkaa, ni ghali, na vichujio vinaisha vinataka kubadilishwa. Ile ya kitambaa tuliyovaa wakati wa korona haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Nimenunua mbili za kweli, tunapokezana kwa zamu ya kupuliza, tukizifuta kila zinapobadilisha uso. Nimechelewa miaka kumi.

Ila yapo niliyobadilisha bila kutoa shilingi. Tumeacha kunawa mikono kwa petroli, tunatumia mafuta ya kupikia kidogo, sabuni na kitambaa. Rangi inatoka, inataka subira tu. Msasa mkavu tumeuacha, tunapiga msasa wa maji, vumbi linateremka chini badala ya kupanda puani. Anayepuliza anasimama upepo unakotoka, na wengine wanaondoka pale, hakuna kukaa unapiga soga pembeni. Na chakula hakiliwi tena juu ya boneti. Zamani posho (ugali) na maharage vilikuwa vinakaa wazi mita mbili kutoka bunduki ya rangi. Nikikumbuka nasikia uchungu.

Chapa_NasserRoad

Nasoma huu uzi mikono inatetemeka. Mimi ni mtu wa uchapaji, Nasser Road, chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha. Kila tukibadilisha rangi ya wino tunafuta rola kwa kitambaa na dawa ya kusafishia. Mara ishirini kwa siku. Dawa inakuja ndani ya jerikeni isiyo na lebo. Tunaijua kwa harufu tu: ile kali, na ile kali zaidi.

Nimekwenda kutafuta habari za wachapaji nikakutana na kisa cha Osaka, Japani. Kampuni ndogo ya uchapaji. Vijana wanafuta wino kwa dawa inayoitwa dikloropropeni... hapana, nimekosea, naandika tena: dikloropropani. Wakaanza kupata kansa ya njia za nyongo, ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa wazee. Hawa wengine hawakufika arobaini. Wakahesabiwa 17 kutoka sehemu moja ya kazi. Jambo lilifika kwa wataalamu kwa sababu watu waliofanya kazi pale waliona wenzao wanakufa na ugonjwa uleule, wakasema. Habari ikatoka 2012. Mwaka 2014 dawa ile ikawekwa Kundi la 1. Kabla ya hapo ilihesabika kuwa ya kawaida tu!

Mwanzisha uzi, hapo ndipo nimekuelewa. Wale Wajapani walikuwa na orodha ya waliofanya kazi pale. Mimi tangu 2009 nimefanya kazi na watu kama hamsini pale chini. Wengine wamerudi kijijini wagonjwa. Sijui hata majina yao kamili.

MamaMawe_Banda

Nami niseme. Niko Acholi Quarter, Banda. Tulikuja wakati wa vita vya kaskazini, tukakuta jiwe, tukaligonga. Nagonga kokoto tangu 2001. Mtoto wangu wa mwisho nilimlaza pembeni ya rundo, vumbi linamfunika hadi kope.

Jirani yangu ametibiwa kifua kikuu mara mbili. Mara ya pili makohozi hayakuonyesha kitu lakini alipewa dawa hivyohivyo. Bado anakohoa. Nesi, hilo vumbi nalo limo kwenye hiyo orodha?

Nesi_Mbale

Limo, mama. Ndani ya mawe mengi kuna kitu kinaitwa silika. Jiwe likipasuka, zile punje unazoziona si tatizo kubwa, pua inazinasa. Zile usizoziona ndizo zinazoshuka hadi chini kabisa ya mapafu, zikakaa, mapafu yakaota makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Kwenye picha ya kifua unafanana na kifua kikuu, na mtu mwenye silikosisi anapata kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine, kwa hiyo anaweza kuwa navyo vyote. Na silika ya kuvuta ni Kundi la 1, kansa ya mapafu.

Jirani yako arudi, na akifika asisubiri kuulizwa. Aseme: nimegonga mawe miaka kadhaa. Hayo maneno yanabadilisha jinsi daktari anavyoisoma ile picha. Na mawe yalowesheni kabla ya kugonga. Najua maji mnanunua kwa jerikeni. Hata maji ya kufulia yanafaa. Watoto wakae upande ambao upepo hauelekei.

Dereva_Malaba

Wakuu, sisi wa barabarani tusisahauliwe. Foleni ya Malaba nimelala mara nyingi ndani ya kichwa cha lori, lori la mbele linaunguruma, la nyuma linaunguruma, dirisha wazi kwa joto. Moshi wa dizeli uliingia Kundi la 1 mwaka 2012. Nimesoma kuwa Wamarekani walifuata wachimba migodi zaidi ya elfu kumi na mbili waliofanya kazi karibu na mashine za dizeli, wakaona kansa ya mapafu inaongezeka kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi.

Lakini ninalotaka kusema ni la tanboi, yule msaidizi wa dereva wa lori. Tanboi ndiye anayefungua drami za breki. Anapuliza lile vumbi jeusi kwa kompresa, wingu linasimama, yeye yuko katikati anacheka. Breki za zamani zilikuwa na asbestosi, na mitumba mingi ya vipuri hatujui imetoka wapi. Tanboi huyohuyo ndiye anayevuta petroli kwa mdomo na mpira kuhamisha tangi. Akimeza anakunywa soda. Nilikuwa tanboi miaka sita. Nimeandika hapa: 1996 hadi 2002, breki, petroli kwa mdomo, dizeli hadi leo.

Fundi_Paa

Kwenye asbestosi nikazie kidogo. Zile nyumba za zamani za serikali, za reli, za askari, madarasa ya enzi za ukoloni, mapaa yake ya kijivu yenye mawimbi mengi ni asbestosi. Likikaa zima halina shida kubwa. Shida ni pale tunapoitwa kuyatoa. Kijana anapewa nyundo, anavunja, vipande vinatupwa chini, wengine wanavichukua kufunika mabanda ya kuku. Nimefanya hivyo mara tatu bila kujua. Lile paa linatakiwa kulowekwa maji, kufunguliwa misumari taratibu, kushushwa zima bila kukatwa, kufungwa kwenye plastiki na kuzikwa mahali panapojulikana. Asante kwa uzi, sikuwa nimeyaandika popote.

Mwana_wa_Kilembe

Baba yangu alikuwa mtu wa chini ya ardhi, mgodi wa shaba wa Kilembe, Kasese. Mgodi ulifungwa 1982. Wachimbaji wakatawanyika: wengine Kabale, wengine Kongo, wengine Kenya. Baba alikufa 2007 akiwa na kifua. "Kifua" ndilo neno lililoandikwa.

Chini kule kulikuwa na vumbi la mwamba, moshi wa baruti, na hewa ya mgodini yenyewe, kwa sababu kuna gesi inaitwa radoni inayotoka kwenye miamba na kujikusanya chini, nayo ni Kundi la 1. Waliopumua hewa ile leo wana zaidi ya miaka sitini, walio hai. Ukihesabu muda aliotaja Nesi, kansa zao zilipaswa kutokea miaka ya tisini na elfu mbili, wakati hakuna tena mgodi wala zahanati ya mgodi wala mtu wa kuuliza.

Na masalio ya mgodi bado yapo, yale marundo yenye shaba na kobalti kando ya mto Nyamwamba. Mafuriko ya 2013 na ya 2020 yaliyameguamegua yakayashusha mtoni. Watu wanalima humo na kuchota maji. Hilo ni uzi wake peke yake, nitaufungua.

AfisaKazi_Mstaafu

Nimefanya ukaguzi wa viwanda miaka mingi, sasa napumzika. Niongeze upande wa sheria kwa sababu naona wengi hawajui wanacho.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na vifaa hivyo ni kwa gharama yake, si kukatwa mshahara. Mfanyakazi akiona hatari ya kweli ana haki ya kujiondoa hapo. Kemikali inatakiwa iwe na lebo, kwa hiyo wewe wa Nasser Road, ile jerikeni bila jina ni kosa kisheria. Omba uonyeshwe pipa ilikotolewa, piga picha ya maandishi. Malalamiko yanapelekwa kwa ofisa wa kazi wa wilaya au idara ya usalama kazini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Nisiwadanganye: sheria hii ni nzuri kwenye karatasi, lakini wakaguzi ni wachache na karakana ni nyingi kuliko miti. Mahali ambapo hakuna mkataba, kila mtu anasema yeye si mwajiri. Nimesimama mbele ya vijana kumi wenye ovaroli moja, nikauliza nani bosi, wote wakanyamaza.

Kuhusu fidia, ipo sheria ya fidia kwa wafanyakazi, na inatambua magonjwa ya kazini, si ajali peke yake. Lakini mkono uliokatwa na msumeno unajionyesha wenyewe. Kansa lazima uithibitishe: ulifanya kazi wapi, na nini, tangu lini. Kesi nilizoziona zikifa zilifia hapo. Mtu hana hata kipande cha karatasi.

Ndiyo maana naunga mkono alichosema mwanzisha uzi kuliko mengine yote. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 139 wa mwaka 1974 juu ya kansa za kazini, na moja ya mambo unayoyataka ni kumbukumbu za wafanyakazi waliokutana na vitu hivi, na wapimwe afya hata baada ya kuacha kazi. Tajiri hataki kuandika? Andika wewe. Daftari la shule linatosha: tarehe, mahali, jina la bidhaa lilivyo kwenye kopo, mlikuwa nani na nani, kinga gani mlikuwa nayo. Mwenzako atie sahihi.

Welda_wa_Katwe

Nimeanza leo. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina ya wote tuliokuwa pale 2011. Kumi na mmoja. Wawili sijui walipo. Mmoja amekufa, nimempigia dada yake kuuliza ilikuwa nini, hakujua.

MpigaRangi_Ndeeba

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikwenda kwa mjane wa Mzee, Nateete. Nilichukua daftari la kurasa 96, nikamwambia mama, tumwandikie Mzee kazi yake.

Nilidhani nitaandika mimi yeye asikilize. Ikawa kinyume. Alikumbuka mwaka alioanza, 1983, Jinja, akipiga msasa mabasi. Alikumbuka mwaka waliohamia Kampala. Alikumbuka andakoti ya njano ilikuja kwenye makopo ya aina gani, na kwamba kuna miaka Mzee alikuwa akirudi na nyusi za njano, akipenga kamasi leso inatoka njano, na watoto wanamcheka. Nikamuuliza, mama, umejuaje hadi rangi za miaka ile?

Akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nikizifua."

Kila Jumapili, kwa mikono, beseni moja na nguo za watoto. Kwanza anazikung'uta mlangoni vumbi litoke, halafu anazilowesha kwa petroli kidogo ili rangi iachie, halafu sabuni. Akanitazama. "Na mimi je? Mimi nimeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niligeuza ukurasa, nikaandika jina lake juu, na chini yake mstari wa Kazi: kufua ovaroli za rangi, 1986 hadi 2021.

Nesi, naomba uniambie nimwambie nini.

Nesi_Mbale

Mwambie ukweli bila kumtisha. Kwa asbestosi inajulikana vizuri: wake wa wafanyakazi waliugua kwa vumbi walilolifua, wao wenyewe hawajawahi kukanyaga kiwandani. Kwa rangi ushahidi wa namna hiyo si mzito vile, lakini petroli mikononi miaka thelathini na tano si jambo la kupuuza. Si kwamba ataugua. Ni kwamba akiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, asikubali dawa ya maambukizi bila kupimwa mkojo na kibofu kuangaliwa. Akipata uchovu usioelezeka, michubuko bila kugongwa, homa zisizoisha, apimwe damu kamili.

Na popote atakapokwenda, aende na hilo daftari, alifungue kwenye ukurasa wake kabla hawajaanza kumwandika. Ovaroli za vijana wako wanne zinafuliwa na nani?